Mzinga Namba Nne

Mfuko wa mchanga ukilowa hauna adabu. Ukiwa mkavu hukaa begani kama mtoto aliyesinzia. Ukilowa hukuelemea shingoni, kisha hukuteremshia maji ya baridi mgongoni mpaka kwenye makalio. Akinfi Pletnikov alikuwa amekwisha pandisha mifuko kumi na saba ya namna hiyo juu ya Rasi ya Sanagin tangu alfajiri, na Juni ilikuwa imeleta ukungu wake wa kila mwaka, ule unaomfanya mtu azungumze na mwenzake robo saa kabla ya kugundua kwamba anazungumza na nguzo.

"Shemeji," ilisema sauti kutoka ndani ya ukungu. Hii haikuwa nguzo. Ilikuwa sauti ya Evlampi, binamu ya mkewe, msomaji wa sala kanisani siku za Jumapili na mchukuzi wa saruji siku nyingine zote. "Umekwenda kuuona mzinga wenu?"

"Mizinga ni ya jeshi. Mimi nabeba mchanga."

"Huu ni wenu. Namba nne. Wameusimamisha jana jioni juu ya nyumba ya mama mkwe wako. Umepakwa rangi nyeusi, unapendeza kabisa. Ila ukiusogelea unanukia mwerezi."

Akinfi aliutua mfuko.

Ieleweke kwamba Sanagin haina miti. Si kwamba ina michache. Haina hata mmoja. Upepo ulilikata shauri hilo zamani, kabla babu zao hawajafika na mitumbwi yao ya ngozi. Kila ubao wa kisiwa kile uliletwa na bahari, gogo kwa gogo, kutoka pwani ambazo hakuna aliyezijua. Na aliyeliona gogo kwanza alilivingirisha mpaka juu ya mstari wa maji, akaweka jiwe bapa juu yake, na chini ya jiwe akabana kishungi cha nyasi. Basi. Gogo hilo likawa lake hata likilala pale miaka kumi. Watu wa Sanagin waliibiana mengi, samaki, wachumba, hata zamu ya kupiga kengele ya kanisa. Lakini gogo lenye jiwe halikuguswa na mtu.

Gogo la Platonida Dyakonova, mama mkwe wa Akinfi, lilikuwa mwerezi mwekundu wenye urefu wa watu wawili. Lilifika miaka minne iliyopita baada ya dhoruba. Siku ile ile bibi huyo aliliwekea jiwe na kutangaza kwamba ndilo jeneza lake. Kila mwaka baada ya Pasaka alikwenda ufukweni, akalala juu yake chali, akapima. "Nimepungua," alisema mwaka huu. "Mbao zitakazobaki mtengenezeeni Akinfi kiti. Ana kipaji cha kukaa."

Akinfi hakukaa. Aliteremka Rasi kwa mbio, akiiacha mizinga mitatu ya kweli imetulia chini ya nyavu zake, kila mmoja katika kitanda cha zege ambacho yeye mwenyewe alisaidia kukikoroga. Shimo la mzinga wa nne pia alilichimba yeye, Jumatatu na Jumanne, kwenye kilima kidogo mwishoni mwa kijiji. Alijiuliza mara moja kwa nini shimo lile halitiwi zege. Hakujiuliza mara ya pili, maana anayelipwa kuchimba halipwi kuuliza.

Gogo lilikuwa pale. Walikuwa wameliegemeza juu ya magurudumu ya mkokoteni, wamelitoboa tundu mbele, kina cha kiganja kimoja, wameandika 4 kwa rangi nyeupe ubavuni, kisha wamelifunika wavu vibaya kwa makusudi, kama mtu anayeficha chupa huku shingo yake ikichungulia. Jiwe bapa lilikuwa limetupwa kando. Kishungi cha nyasi kilikuwa bado kimefungwa.

Akinfi akageuka kutazama chini.

Mwisho huo wa kijiji kulikuwa na nyumba tatu za kizamani, za udongo, zilizochimbiwa nusu ardhini na kuoteshwa nyasi juu. Ya kwanza, hatua thelathini kutoka pale aliposimama, ilikuwa ya Platonida. Ya pili ilikuwa ya Evlampi na watoto wake watano. Alikuwa ameingia na kutoka katika nyumba zile maisha yake yote, lakini hakuwahi kuzitazama kutoka juu, kama ndege. Kutoka juu hakuna aliyeona nyumba. Palikuwa na mzinga mweusi, na ubavuni mwake tuta la majani lenye mlango mdogo. Hata mjinga angesema: lile ni ghala la baruti.

Na juzi tu redio ya kambi ilisema meli za Wajapani zimeonekana.

Platonida alikuwa nje, akigeuza minofu ya samoni kwenye ulingo wa kukaushia. Alikuwa na miaka sabini na minne na hakuwa na jino la mbele, jambo ambalo halikumpunguzia maneno.

"Umekuja kuona walivyonigeuzia jeneza?" alisema. "Nilijua nitazikwa na serikali, lakini sikujua wataanza mapema hivi."

"Mama, chukua blanketi lako twende kwangu kule mtoni. Sasa hivi."

"Nani atawafukuza kunguru?"

"Mama, ule mzinga wa uongo wameuweka ili upigwe. Ukipigwa wewe uko chini yake."

"Nimeelewa, mkwe wangu. Mimi ni mzee, si jiwe." Aligeuza mnofu mwingine. "Lakini nikihama leo, kesho watasema gogo halina mwenyewe. Mti wangu uko pale. Mti utakapoteremka na mimi nitateremka. Umenisikia? Basi nenda kawaambie."

Akinfi alikwenda kuwaambia.

Luteni Haskett, mkuu wa kambi, alikuwa na ofisi katika chumba cha darasa ambamo Akinfi alijifunza kusoma, na katika mwezi mzima hakuwa amefuta ubaoni hesabu za kugawanya za watoto. Alikuwa mtu mpole. Alimpa Akinfi kiti. Kipaji kile kikatumika.

"Mzinga namba nne ni wazo langu," alisema Luteni, na masikio yakamwiva kwa furaha. "Adui ana mabomu machache. Kila bomu atakalolitupa kwenye gogo ni bomu ambalo halikuanguka kwenye mizinga."

"Ni wazo zuri, afande. Ila chini yake kuna mtu."

"Hapana." Luteni alitandaza ramani mezani. Ilikuwa ramani nzuri, mpya, yenye mikunjo ya bahari kwa wino wa buluu. Alionyesha kwa penseli. "Kanisa hili. Shule hii. Nyumba kumi na nne za mbao. Hapa unaposema wewe kuna vilima vitatu."

"Si vilima, afande. Ni nyumba. Moja ni ya mama mkwe wangu."

"Mpimaji aliandika vilima."

"Mpimaji alikunywa chai ndani ya hicho kilima. Nilikuwepo."

Luteni alifikiri kwa haki kabisa. "Ningekuwa na nyumba pale, ningetoa amri ya kuhamisha watu. Lakini siwezi kuhamisha mtu kutoka kwenye kilima. Andika ombi la kusahihisha ramani. Litakwenda makao makuu kwa meli ya tarehe ishirini."

"Leo ni tarehe tatu."

"Basi una muda wa kuliandika vizuri."

Akinfi alishukuru, kwa sababu shule ile ile ilimfundisha kushukuru, akatoka. Pale nje ya ghala la vifaa aliokota mtaimbo, akarudi kilimani.

Gogo ni kitu kinachojulikana. Ukilipata mahali pake pa kuinulia, huhitaji nguvu za ajabu. Alipitisha mtaimbo chini ya mwerezi, akaegemea, na upande mmoja ukanyanyuka kutoka kwenye gurudumu. Aliegemea tena. Hakumsikia Sajini Crull akija nyuma yake; alichosikia ni pumzi zake mwenyewe, kisha kitako cha bunduki kikimwingia kwenye figo.

Alianguka kifudifudi. Crull alikuwa mtu mpana, wa kufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Kwanza alimpiga teke mbavuni, upande wa kushoto, mara nne. Halafu akamgeuza kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayeangalia samaki kama ameoza, akampiga kitako cha pili mdomoni. Akinfi alihisi jino likitoka na kukaa juu ya ulimi, dogo, lenye chumvi.

"Hujuma," alisema Crull. "Unajua wakati wa vita hujuma ni nini, we mla nyangumi?"

"Gogo lina mwenyewe," alisema Akinfi, damu ikimtoka.

"Lina namba. Soma namba."

Mkono wa kushoto wa Akinfi ulikuwa bado umeshika mtaimbo. Crull aliona hivyo, akaupandisha mguu, akaushusha juu ya vidole. Viwili vilivunjika kwa sauti ya kuni kavu.

Hapo ndipo Platonida alipofika. Alikuwa amepanda hatua thelathini bila fimbo, na mkononi alikuwa na samoni mzima aliyekauka tayari, mgumu kama kasia. Alimpiga Sajini naye sikioni. Alimpiga tena kabla hajageuka. Mara ya tatu samaki akakatika, na bibi akakitazama kipande kilichobaki kwa masikitiko, maana alikuwa samaki mzuri.

"Mama yako alikuzaa akiwa amekaa vibaya," alimwambia kwa lugha ambayo Crull hakuielewa, lakini sauti yake haikuhitaji mkalimani.

Crull alimsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili. Bibi alirushwa nyuma, akagonga gurudumu, akakaa chini. Alikaa hapo muda mrefu kidogo. Kisha, bila kuinuka, aliunyoosha mkono, akaliokota jiwe lake bapa na kishungi chake, akavirudisha juu ya gogo.

"Mpeleke mkwe wangu akafanye kazi," alisema. "Mimi nakaa nyumbani kwangu."

Askari wawili walimkokota Akinfi mpaka Rasini na kumsukumia kwenye handaki la mizinga ya kweli, akasubiri kushtakiwa. Lilikuwa handaki zuri, zege lenye unene wa mkono mzima. Kama kuna mahali palipokuwa salama katika Sanagin siku hiyo, ni pale alipofungwa. Aliufunga mkono wake kwa kitambaa, akatema damu, akaangalia nje kwa ule mwanya wa kulengea.

Muda mfupi kabla ya saa sita ukungu ulinyanyuka wote kwa pamoja, kama mtu aliyeondoa kitambaa kwenye unga. Bahari ikaonekana. Kijiji kikaonekana, na nyumba za mbao, na msalaba wa kanisa, na moshi mwembamba ukitoka kwenye tuta la nyasi, na karibu nalo mzinga mweusi unaong'aa.

Ndege zilikuja tano kutoka kusini.

King'ora kililia zikiwa zimekwisha fika. Wanajeshi waliruka handakini juu ya Akinfi, wakamkanyaga mbavu zile zile. Mmoja alikuwa na bunduki ya rashasha juu ya ukingo. Aliielekeza juu na kumtazama Luteni Haskett, aliyekuwa ameingia wa mwisho, kofia mkononi.

"Asifyatue mtu," alisema Luteni. "Mkifyatua mtatufichua. Waacheni."

"Afande, wanazunguka juu ya kijiji," alisema yule wa rashasha.

"Wanazunguka juu ya namba nne," alisema Luteni, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi aliyeona jibu lake nyuma ya kitabu ni sawa.

Ya kwanza ilishuka chini sana hata Akinfi akamwona mtu ndani yake, kichwa kidogo chenye miwani. Bomu lake lilipiga ufukweni na kurusha mchanga na samaki. La pili lilipasua ulingo wa kukaushia. La tatu Akinfi aliliona vizuri, jeusi, likiteremka bila haraka, na kwa sababu fulani aliona wazi kwamba lilikuwa linateremka mahali pamoja tu. Lilipita kwenye tundu la moshi, juu ya paa, kule ambako mababu waliingilia nyumba zao kwa ngazi. Tuta la nyasi lilivimba. Kisha halikuwapo.

Alipiga kelele, na mtu akamziba mdomo uliopasuka kwa kiganja chenye grisi.

Ndege nyingine mbili zilimwaga risasi juu ya kilima, kwa mstari, kwenda na kurudi. Halafu zote zikageuka, moja baada ya nyingine, zikaondoka. Mambo yote hayo yalichukua dakika saba. Mizinga mitatu ya Sanagin haikupata hata vumbi.

Hakuna aliyemzuia alipotoka. Alikimbia akiwa ameinama upande mmoja. Evlampi alikuwa amefika kabla yake, amepiga magoti kwenye ukingo wa shimo, anachimbua kwa mikono. Matrona, mke wa Akinfi, alikuja kutoka mtoni na koleo, akaanza kutupa udongo.

Walimpata chini ya boriti kuu ya paa. Upande wa kulia ulikuwa mzima, hata kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefungwa sawasawa. Upande wa kushoto haukuwa wa kutazamwa, na Matrona aliufunika kwa aproni yake kabla ya mtu mwingine kufika. Mguu mmoja waliupata mbali, kwenye majani, umevaa soksi ya sufu. Ngumi ya mkono wa kulia ilikuwa imeshika nyasi. Labda alikuwa anafunga kishungi kingine.

Juu ya kilima, gogo lilikuwa limesimama kwenye magurudumu yake. Lilikuwa na matundu matatu ya risasi na jiwe lake juu.

Luteni alifika na Crull na karani mwenye daftari. Alizunguka mzinga mara mbili. "Haukuanguka," alisema. "Andika: mizinga iliyoharibika, hakuna. Wanajeshi waliokufa, hakuna."

"Raia?" aliuliza karani.

Luteni alitazama chini, akamwona Matrona na aproni. Alivua kofia, kwa kuwa alikuwa mtu mpole. "Raia mmoja," alisema. "Mahali... andika ufukweni." Kisha akamgeukia Evlampi: "Maiti izikwe leo kabla ya jua kuzama. Amri ya afya."

Akinfi hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekwenda nyumbani kwake, na sasa alirudi na msumeno mrefu wa watu wawili. Aliuweka juu ya mwerezi, nyuma tu ya ile namba nne, akavuta kwa mkono wa kulia. Vumbi jekundu likatoka, na harufu.

Crull alikoki bunduki. "Toka. Unaharibu mzinga wa jeshi."

"Kama ni mzinga," alisema Akinfi, "nipige nao."

Crull alimpiga na alichokuwa nacho, begani. Akinfi alianguka goti moja, akainuka, akavuta. Alipigwa tena. Evlampi alipanda kilima, akashika mpini wa pili wa msumeno, na kutoka hapo kazi ilikwenda vizuri zaidi, maana msumeno ule haupendi mtu mmoja. Nyuma yao watu walikuwa wanakuja, wanawake kwa wanaume, kama arobaini hivi. Matrona aliliondoa jiwe la mama yake juu ya gogo, kwa adabu, kama mtu anayefungua mlango, akalishika kifuani.

Luteni aliwahesabu kwa macho. "Waache, Sajini," alisema. "Mbao zipo nyingine." Akatazama ndani ya shimo, pale ilipolala boriti kuu ya nyumba ya Platonida, nene, iliyonyooka, haijavunjika.

Walipasua kipande kile kwa kabari, wakachonga ndani kwa tezo, wanaume kumi kwa zamu, nje wakaiacha rangi ya jeshi kwa kuwa hakukuwa na muda. Jua la Juni halina haraka kule, lakini nalo huchoka. Platonida aliingia sawasawa. Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Tundu la mdomo wa mzinga lilikuwa upande wa miguu, na Matrona aliliziba kwa nyasi. Mbao zilizobaki zilitosha msalaba. Kiti hakikupatikana.

Wanaume sita walilibeba jeneza begani. Kwenye njia panda ya kambi palikuwa na mlinzi mpya, aliyeshuka melini wiki ile. Aliona kitu kirefu cheusi chenye namba nyeupe kikija kimebebwa kwa heshima, akatambua silaha ya serikali, akasimama wima na kupiga saluti. Alibaki na mkono kichwani mpaka watu wote arobaini wakapita.

"Wewe mama," Evlampi alinong'ona chini ya jeneza, machozi yakimtoka, "hata hili ungelicheka wiki nzima."

Alisoma sala bila kitabu. Akinfi alikata msalaba kwa kimo chake, akaupigilia kwa mkono mmoja.

Waliporudi, jua lilikuwa limegusa bahari. Shimo la kilimani lilikuwa tupu. Tuta la Platonida halikuwapo tena, na mzinga bila ghala haumdanganyi mtu. Luteni alikuwa ameliona hilo. Hatua sitini upande wa kaskazini, kilimani juu ya tuta la pili, boriti kuu ya paa la Platonida ilikuwa imekwisha pandishwa kwenye magurudumu. Rangi ilikuwa bado mbichi. Waliandika 4, kwa kuwa hesabu ilitaka mizinga minne. Crull alikuwa ameketi kwenye sanduku mbele yake, bunduki magotini, sikio moja limevimba kama kiazi na kuwa jekundu.

Chini yake moshi wa chakula cha jioni ulikuwa unatoka kwenye nyumba ya Evlampi. Watoto wake wawili walikuwa wamekaa juu ya paa, kwenye nyasi, wanawatazama askari.

Evlampi alisimama. Aliinama pembeni ya njia, akatafuta kwa makini, akalitupa jiwe moja, akalitupa jingine, mpaka akapata bapa. Akang'oa nyasi.

"Hujalala juu yake kupima," alisema Akinfi.

"Nitalala baadaye." Evlampi alifunga kishungi. "Shemeji, msumeno umeuacha makaburini?"

Akinfi alikuwa nao begani. Aliuteremsha, akamgeuzia mpini mmoja, akaushika mwingine kwa mkono wake mzima, na wakaanza kupanda.